Jina Lililokwisha Kupongezwa

Nchi ya Tangulia haimo kwenye ramani yoyote, wala hakuna aliyeificha. Mchora ramani alivishwa nishani siku moja kabla ya kuanza kazi, na mtu akishavishwa nishani, arudi mezani kutafuta nini? Basi nchi ikabaki haijachorwa, na wenyewe wanaishi humo kwa raha zao, wakiamini dunia nzima inawaonea gere.

Watangulia hawapendi kuichelewesha furaha. Daraja la Mto Kwekwe lilifunguliwa na Rais kwa mkono wake. Utepe ukakatwa, ngoma zikarindima, na hadi leo watu huvuka pale kwa kukunja nguo na kubeba viatu kichwani. Rais naye huapishwa kabla ya uchaguzi, ili wananchi wasiende kupiga kura wakiwa na wasiwasi mioyoni. Ukiwaona wageni wakiyacheka mambo hayo, wasamehe. Kwao wamezoeshwa kungoja.

Adabu iliyo kubwa kuliko zote nchini humo ni kuishangilia sentensi kabla haijaisha. Kumwacha mheshimiwa afike mwisho wa maneno yake pasipo makofi ni kumvunjia heshima, ni kumwambia kwamba hamkujua anaelekea wapi. Watoto hufundwa hivyo tangu wakiwa mgongoni. Baba akiingia na kusema, "Jamani, nimewaletea," nyumba nzima hulipuka kwa vigelegele, na ikiwa alichowaletea ni habari ya msiba, hiyo itajulikana siku ya pili watakapoona turubai.

Hata misemo ya wahenga haikusalimika. Juu ya lango la Shule ya Sekondari ya Mwembetogwa yameandikwa kwa rangi nyekundu maneno haya: MGEMA AKISIFIWA. Basi, hayaendelei. Inasemekana mzee aliyeuleta msemo huo nchini alipigiwa makofi alipofika hapo, na nusu ya pili akafa nayo.

Katika shule hiyo alisoma Salha, binti wa Mzee Mgaza, fundi cherehani. Kisa hiki ni cha aibu yake. Tunakisimulia taratibu, kwa sababu aibu yenyewe, ukiigeuza upande wa pili, utakuta ina alama za vidole vya watu wengi.

*

Huko Tangulia vyuo vikuu havingoji mtu amalize shule. Huchagua wanafunzi mwishoni mwa kidato cha tano, wakiwa wamebakiza mwaka mzima, ili vijana wapate muda wa kutosha wa kujivuna. Mwaka ule Salha aliongoza darasa. Alikuwa msichana mwenye bidii kweli, tusimwonee. Alama zake alizitolea jasho.

Siku ya kutangaza majina, Mheshimiwa Lwambano alikuja mwenyewe na msafara wa magari. Huyu ni Mkurugenzi wa Majibu ya Awali katika Wizara ya Elimu Ijayo, mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Alipanda jukwaani, akamwita Salha asimame karibu naye, akatangaza:

"Salha binti Mgaza, Serikali yako, inayoona mbali kuliko upeo wa macho yake, inakutangazia kwamba umepokelewa Chuo cha Udaktari—"

Tarumbeta zikalia. Vigelegele vikapanda. Mzee Mgaza alirusha kofia yake juu na hakuiona tena. Mdomo wa Mkurugenzi uliendelea kuchezacheza kwa kitambo kizuri, na kidole chake cha shahada kikawa kinapanda na kushuka mbele ya pua ya Salha. Salha alidhani anabarikiwa. Aliinamisha kichwa na kusema ahsante.

Kati ya watu wote uwanjani, ni mmoja tu aliyeshangaa. Huyo ni Siwatu Kombo, aliyekaa dawati moja na Salha tangu kidato cha kwanza. Jina la Siwatu halikuitwa siku hiyo. Mwaka ule mama yake, anayepika vitumbua, alianguka na ndoo ya maji akavunjika nyonga, na Siwatu akakosa muhula mzima kwa kumuuguza. Alama zikaporomoka. Vyuo vilipokuja kuchagua, vilizikuta chini.

"Shoga," Siwatu alimuuliza Salha wakirudi nyumbani, "ile sentensi aliimalizia vipi?"

"Sentensi gani?"

"Ya Mkurugenzi. Alisema umepokelewa, halafu mdomo ukaendelea. Na kidole kile kama mtu anayeonya."

"Alikuwa ananipongeza, Siwatu. Ulitaka anitukane?"

"Mimi nauliza tu."

"Uliza yako," Salha akamjibu, na maua ya karatasi yakiwa bado shingoni.

*

Tangu siku ile hakuna aliyemwita Salha kwa jina tupu. Akawa Daktari. Mzee Mgaza alikata kitambaa cheupe alichokuwa amekihifadhi kwa ajili ya sanda yake mwenyewe, akamshonea koti la kazi, akalitarizi mfukoni kwa uzi wa buluu: Dkt. Salha. Hospitali ya wilaya ikafungua Wodi ya Daktari Salha, yenye vitanda vinne na picha yake ukutani, ingawa ilikubalika kwamba wagonjwa wake waanze kuugua baadaye. Majirani hawakuwa na subira hiyo. Walimjia na vichomi, majipu, watoto wenye homa, na mara moja mbuzi. Salha aliwaambia wote wanywe maji mengi na wapumzike. Mbuzi alipona, sifa zikazidi.

Shuleni ndiko mambo yalikokuwa matamu. Mwalimu Mkuu, Bwana Dihenga, aliwakusanya walimu akawaonya kwamba ni utovu wa nidhamu kumpa daktari kazi ya nyumbani, maana ni kujifanya unajua kuliko yeye. Mwalimu wa baiolojia akawa kila Salha akiingia darasani anasimama, anakung'uta vumbi kwenye kiti, anamkabidhi chaki.

"Daktari, nikikosea, naomba unisahihishe."

Siku ya kwanza Salha aliona haya hadi masikio yakamwaka moto. Alitaka kusema, "Mwalimu, mimi sijui, nifundishe." Lakini alipofungua kinywa na kusema "Mwalimu, mimi," darasa zima lilipiga makofi, akakaa. Siku ya pili aliona haya kidogo. Haya ni kama kiatu kipya, hubana siku za mwanzo, halafu mguu huzoea. Kufikia katikati ya mwaka alikuwa anakuja shule na koti jeupe, anakaa kiti cha mwalimu, anasinzia kwa heshima zote. Na ya nini kujisumbua? Nchi nzima ilijua kwamba alama za kidato cha sita hazihesabiwi popote.

Siwatu naye alikuwa anasoma. Anasoma darasani, anasoma mapumziko, anasoma huku anageuza vitumbua vya mama yake jikoni. Wenzake walimtazama kama mtu anayechota maji kwa pakacha. Siku moja Salha alimuuliza mbele ya darasa zima:

"Siwatu, hebu tuambie. Vyuo vimeshachagua, nafasi zimeshajaa, alama za mwaka huu hazimfikishi mtu hata getini. Unasoma kwa ajili ya nini?"

"Nasoma kwa sababu sijaelewa," akasema Siwatu.

Darasa likaangua kicheko. Salha akaona kicheko kinamtaka aongeze neno, naye akaongeza.

"Basi ukishaelewa, kavieleze vitumbua vya mama yako."

Walicheka hadi madawati yakayumba. Siwatu alifunua ukurasa uliofuata, mkono wake ukiwa na alama za mafuta ya moto. Neno hilo Salha alilisahau siku hiyohiyo. Lilirudi lenyewe baadaye, na likishakuja haliondoki.

*

Mtihani wa mwisho ukafika. Swali la kwanza la baiolojia lilisema: Eleza jinsi damu inavyozunguka mwilini. Salha aliandika, "Damu huzunguka." Akatua kalamu, akangoja makofi. Chumba kilikuwa kimya. Hapo ndipo alipotambua kwamba huu ulikuwa mwaka mzima hajamaliza sentensi hata moja, na kwamba hakuwa na kitu cha kuweka baada ya neno lile. Alikaa anaisikia damu yake mwenyewe ikigonga masikioni, inazunguka bila msaada wake. Mwishowe akatia sahihi, Dkt. Salha, akatoka.

Wizara ililipongeza taifa kwa matokeo bora kabla karatasi hazijasahihishwa. Kisha zikasahihishwa. Majina yakabandikwa ubaoni pale shuleni: Siwatu Kombo, wa kwanza nchi nzima. Salha Mgaza, sifuri ya baiolojia, na masomo mengine yakichechemea nyuma yake.

Watu waliokuja kutazama ubao walisoma hadi kwenye neno "Salha" wakaanza vigelegele. Wakambeba juujuu. Akiwa mabegani mwa watu, Salha alimwona Siwatu amesimama mbele ya ubao, anasoma mistari yote miwili mpaka mwisho. Kisha Siwatu akageuka akamtazama. Hakuwa na dharau usoni, na hilo ndilo lililomchoma Salha. Alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ilikuwa mbali, yeye yuko mabegani.

*

Mzee Mgaza alikuwa mtu wa kujua kusoma. Aliuona ubao. Walipofika nyumbani akavua kofia mpya, akasema, "Mwanangu, twende Wizarani tukaulize. Pengine kweli hazihesabiwi."

Mkurugenzi Lwambano aliwapokea huku anakunywa chai.

"Jibu ni hapana," alisema kabla hawajakaa.

"Mheshimiwa, hatujauliza bado," akasema Mzee Mgaza.

"Ndiyo maana idara yetu inaitwa ya Majibu ya Awali. Sasa ulizeni."

"Tulitaka kujua, je, alama za mwaka wa mwisho zinaweza kumharibia mtu nafasi yake chuoni?"

"Hapana, kama nilivyokwisha kujibu. Kwani binti amepata ngapi?"

Salha alisema. Chai ikamwendea Mkurugenzi njia isiyo yake, akakohoa hadi machozi yakamtoka.

"Sifuri? Kwani wewe hukunisikia? Si nilikwambia? Umepokelewa Chuo cha Udaktari, iwapo utaendelea na bidii ileile hadi mwisho na alama zako zisishuke, la sivyo nafasi yako itapewa anayestahili! Nilikwambia na kidole nikakunyooshea! Nalisema hilo kila mwaka, tangu nilipokabidhiwa ofisi hii!"

"Mheshimiwa," Mzee Mgaza akasema polepole, "mbona hukungoja tarumbeta zinyamaze?"

Mkurugenzi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Ningoje vigelegele vinyamaze? Mzee wangu, mimi si mtu mwenye kiburi."

Kisha Mkurugenzi akajifuta mdomo na uso wake ukarudia ukubwa wake wa kawaida.

"Msiwe na hofu. Ipo njia. Tutafumba macho. Mmedhani ni wa kwanza huyu? Wapo wengi tuliowafumbia, na wanafanya kazi nzuri tu. Yule aliyempasua Waziri wa Ulinzi mguu usiokuwa na tatizo, sisi ndio tulimfumbia macho. Waziri mwenyewe amefumba. Aende chuoni, taifa limeshampongeza."

"Mungu akuweke, Mheshimiwa," akasema Mzee Mgaza, na mabega yake yakashuka kwa faraja.

Salha alikuwa anamfikiria yule mtoto wa jirani mwenye homa, aliyeambiwa apewe maji mengi. Alipona, kwa bahati. Alifikiria vitanda vinne na picha yake ukutani, na mtu amelala pale anaitazama picha kwa matumaini.

"Baba," akasema, "mimi siwezi—"

Mikono ya Mzee Mgaza ikainuka yenyewe kupiga makofi, kwa mazoea ya miaka yake yote. Ikasimama hewani. Aliitazama kama ya mtu mwingine, kisha akaishusha juu ya mapaja, moja baada ya nyingine.

"Huwezi nini, mwanangu?"

"Siwezi kueleza damu inavyozunguka. Sijui, baba. Nimevaa koti mwaka mzima na sijui. Naona haya. Nafasi apewe Siwatu, ndiye aliyeshinda."

Mkurugenzi aliruka kitini. "Haiwezekani! Siwatu hakupongezwa! Na wewe hatuwezi kukupongezua, hakuna sheria hiyo. Rais ameshalitaja jina lako kwenye hotuba, wodi imefunguliwa, picha imetundikwa!" Akazunguka meza, akasimama, akapiga paji la uso. "Ngoja. Jina limeshapongezwa, jina haliwezi kubadilika. Lakini mtu... mtu anaweza. Huyo Siwatu aende, kwa jina la Salha Mgaza. Alama zake tuziandike kwa Salha, ile sifuri tuiandike kwa Siwatu. Hesabu imelingana, nchi imefurahi!"

"Na Siwatu mwenyewe?" akauliza Salha.

"Si anakwenda kuwa daktari?"

"Na jina lake?"

Mkurugenzi alikuwa ameshaanza kujipigia makofi.

*

Salha alikwenda kwa kina Siwatu peke yake. Mama Siwatu alikuwa ameketi kwenye kibao kirefu alichotengenezewa kwa ajili ya nyonga, mbele ya chuma chake cha vitumbua.

"Karibu Daktari," alisema mama yule. "Siwatu, mletee Daktari kiti."

"Shikamoo, mama. Sikai. Nimekuja kusema jambo. Ile nafasi yangu—"

Mama Siwatu akafunika mdomo kwa kiganja tayari kupiga kigelegele. Siwatu akamshika mkono.

"Mama, ngoja amalize."

Basi Salha akasema yote, la kufeli, la kufumba macho, la jina kubaki na mtu kuondoka. Alisema na lile neno la vitumbua, alilirudia kama alivyolisema, mbele ya chuma chenyewe, na mama aliyekuwa hajalisikia akalisikia. Kulirudia kulimuumiza kuliko kufeli. Alikuwa amedhani ukishatenda jema aibu hupungua. Iliongezeka, kwa sababu sasa alikuwa amekuja kutoa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mwingine.

Vitumbua viliungua upande mmoja na hakuna aliyevigeuza.

"Kwa hiyo jina langu ndilo litakalobaki na sifuri," akasema Siwatu.

"Ndiyo."

"Jina la bibi yangu."

"Ndiyo, Siwatu."

Mama Siwatu aliuliza swali moja tu. "Sasa mimi nikitaka kumwita mwanangu, nimwite nani?"

Siwatu alisimama, akakung'uta unga kwenye kanga. Kisha akasema, "Nitakwenda. Lakini usidhani umenipa kitu, Salha. Naenda kwa sababu katika vile vitanda vinne watalala watu."

Kesho yake alifika kwa Mzee Mgaza kupima koti. Lilikuwa pana, Siwatu ni mwembamba. Mzee alimpima mabega na mikono pasipo kuinua macho, akafumua mshono, akaupunguza. Alipofika kwenye mfuko wenye jina alishikilia mkasi kwa muda, kisha akauacha uzi ule mahali pake, maana amri ya Wizara ilikuwa hiyo.

"Nisamehe, mwanangu," akasema.

"Limenikaa vizuri, baba," akajibu Siwatu.

Basi la chuo lilipokuja, tarumbeta zilikuwepo. Mkurugenzi aliita, "Daktari Salha Mgaza!" Siwatu akapanda. Umati ukamshangilia, na kwa kuwa Salha mwenyewe alikuwa amesimama pembeni, wakamshangilia na yeye. Hakuna aliyeona tatizo.

*

Muhula ulipoanza, Salha alivaa sare, akapita chini ya lile lango jekundu, akabisha hodi ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Bwana Dihenga alisimama haraka.

"Daktari! Umesahau nini?"

"Mwalimu, mimi ni Siwatu Kombo. Nina sifuri ya baiolojia. Nimekuja kurudia mwaka."

Uso wa Bwana Dihenga ukabadilika papo hapo. Akakaa. "Ahaa, wewe ndiye yule wa sifuri. Umeitia shule yangu aibu. Na kurudia kwenyewe hakutakusaidia, chuo hakitazami alama hizo. Sasa unasoma kwa ajili ya nini?"

"Sijaelewa," akasema Salha.

Alipangiwa dawati la nyuma. Walimu walimpa kazi za nyumbani kwa wingi na kumchapa kwa makosa yake, naye akashukuru. Mtaani, walipomkumbuka kuwa Siwatu, walimcheka: huyo ndiye mjinga aliyepata sifuri mwaka ule taifa lilipofaulu. Lakini habari zilipokuja kutoka chuoni kwamba Daktari Salha ameongoza mwaka wa kwanza, tarumbeta zilifika mlangoni kwa Mzee Mgaza, wakamtoa binti nje akiwa na madaftari, wakamvisha maua.

"Jamani, si mimi—"

Vigelegele.

"Aliyeongoza ni—"

Vigelegele mara mbili. Mzee Mgaza alikuwa akiingia ndani nyakati hizo na kukanyaga cherehani kwa nguvu, bila kitambaa.

Kuchekwa kama Siwatu aliweza kuvumilia. Kupongezwa kama Salha ndiko kulikomnyima usingizi. Alipolala alisikia maua ya karatasi yakikwaruza shingoni.

Kila alasiri alipitia kwa Mama Siwatu, kwani binti aliyekuwa akimtekea maji hakuwepo. Miezi ya mwanzo mama yule hakumjibu salamu. Salha aliteka maji, akajaza mtungi, akaosha chuma, akaondoka. Kisha ikatokea siku, huku anakoroga unga, mama akauliza bila kumtazama, "Na leo mmefundishwa nini?" Salha akamweleza habari ya moyo, vyumba vyake na milango yake. Alikosea mahali, akarudi nyuma, akaanza tena. Mama Siwatu alikuwa na muda. Nyonga ile ilimfundisha kukaa.

Mtihani ukaja, ukapita. Siku ya matokeo hapakuwa na mtu mbele ya ubao wa shule. Waliopongezwa walikuwa wamekwisha kupongezwa, na aliyerudia mwaka hana wa kumtazamia. Salha alisoma mstari wake peke yake, akausoma tena hadi mwisho, akatembea hadi kwa Mama Siwatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Matokeo yametoka. Siwatu Kombo amepata..."

Maneno yalisimama yenyewe mahali ambapo, maisha yake yote, watu walikuwa wakimpokea sentensi mkononi. Alingoja kelele. Hazikuja. Mama Siwatu alikuwa ameshusha mwiko, ameinua uso, anamtazama.

"Amepata nini? Malizia, mwanangu. Nakusikiliza."

Machozi yakamtoka Salha kwa haya, kama mtu aliyevuliwa nguo mchana. Hakuna aliyewahi kumngoja namna ile.

"Amepata B ya baiolojia, mama. Nilitaka nimrudishie A yake. Nimeshindwa. Ni B tu."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Mama Siwatu alifuta mikono kwenye kanga, akainuka kwa taabu, nyonga ikilia, akafunika mdomo kwa kiganja na kupiga kigelegele kimoja, chembamba, chenye nyufa. Majirani walichungulia madirishani na kukunja nyuso, maana halikuwepo jambo lolote lijalo la kushangilia, ila lililokwisha kutendeka. Salha alisimama ameinamisha kichwa. Hakujua kile kigelegele ni cha Siwatu au ni chake, na hakuthubutu kuuliza.

Kisa chetu kimefika mwisho wake. Mwenye makofi, sasa ruksa.